Korea Ilipandisha Adhabu ya Kamera za Siri, Majaji Wakaishusha

Mwaka 1997, duka moja kubwa la mtaa wa Sinchon, jijini Seoul, lilikutwa limetega kamera katika choo cha wanawake. Uongozi haukukana. Ulijitetea kwamba kamera zile zilikuwa za kunasa wezi na vibaka. Kilipotafutwa kifungu cha kuwashtaki nacho wahusika, hakikupatikana. Sheria ilimjua anayeruka ukuta wa jirani na anayechomoa pochi kwenye mkoba. Haikumjua anayeketi ofisini akiwatazama wateja wake wakijisaidia. Mwaka uliofuata Bunge la Korea Kusini likaziba pengo hilo kwa kutunga kosa jipya: kurekodi mwili wa mtu bila ridhaa yake, kwa namna inayoweza kuamsha ashiki au kumtia aibu ya kijinsia. Adhabu ikawa kifungo kisichozidi miaka 5, au faini isiyozidi won milioni 10.

Vijana wa Dar es Salaam wangeiita sheria ya kupiga chabo.

Tangu hapo Wakorea hawajaacha kukaza. Desemba 2018 faini ilipandishwa hadi won milioni 30. Mwaka 2020 kifungo kikafika miaka 7 na faini won milioni 50. Mwaka huohuo hata yule anayenunua, kuhifadhi au kutazama tu video hizo akaanza kuhesabiwa mhalifu, naye akawekewa hadi miaka 3 jela. Septemba 2024 Bunge likarudi tena kazini, safari hii likiwafuata wanaotazama au kuhifadhi picha za ngono zilizotengenezwa kwa akili mnemba, zile ambazo sura ya mwanafunzi au mwalimu hubandikwa kwenye mwili usio wake. Nao miaka 3.

Anayesoma vitabu vya sheria peke yake atadhani tatizo limekwisha. Shirika la Human Rights Watch, katika ripoti iliyotoka Juni 2021, lilionyesha kwamba kesi za kurekodi watu kwa siri zilikuwa 585 mwaka 2008, na kufikia 2017 zilikuwa 6,615.

Nimeanza na Korea kwa sababu hapa kwetu Tanzania, kila video ya faragha inapovuja, kauli ya kwanza huwa ni ileile: adhabu iongezwe. Wafungwe miaka 10, wafungwe 20, wafungwe maisha. Sipingi kuongezwa kwa adhabu. Mtu anayetega kamera bafuni mwa mpangaji wake anastahili jela, na jela ya kueleweka. Ila Wakorea wametangulia kuipita njia hii kwa zaidi ya miaka 25, na walichokutana nacho njiani kina faida kwetu kuliko makala mia za kulaani maadili ya vijana.

Walianza na simu. Tangu 2004 simu zinazouzwa Korea Kusini hulazimika kutoa mlio kila zinapopiga picha, ili anayepigwa ashtuke. Haikuchukua muda zikaja programu za kuuzima mlio huo. Zikafuata kamera zisizofanana na kamera: kalamu, kifungo cha shati, skrubu, kiberiti cha gesi, soketi ya umeme. Zinauzwa madukani mchana kweupe, na kuzinunua si kosa. Machi 2019 polisi walitangaza kuwakamata wanaume wawili waliotega kamera katika vyumba 42 vya moteli 30, kwenye miji 10. Walizificha ndani ya visanduku vya televisheni, kwenye soketi na kwenye vishikizo vya mashine za kukaushia nywele. Wageni wapatao 1,600 walirushwa mubashara kwenye tovuti yenye wanachama zaidi ya 4,000. Kati yao 97 walikuwa wakilipa dola 44.95 kwa mwezi ili wapate nafasi ya kurudia kutazama. Ilikuwa biashara yenye ada, wateja na huduma ya ziada.

Ila kisa ambacho hakinitoki kichwani ni kidogo kuliko hicho, nacho kimo katika ripoti ileile ya Human Rights Watch. Mwanamke mmoja alipewa zawadi na bosi wake, mwanaume mwenye mke: saa ya kuweka chumbani. Akaiweka. Baadaye akaihamishia sehemu nyingine ya chumba. Bosi akamwambia kwamba kama haitaki, amrudishie. Alijuaje kwamba saa imehamishwa? Mwanamke akaingia mtandaoni kuitafuta saa ya aina ile, akakuta ni saa yenye kamera ndani yake. Kwa muda wote huo ilikuwa ikirusha kila kilichotokea chumbani mwake, usiku na mchana, hadi kwenye simu ya bosi. Alipomkabili, bosi hakushtuka wala hakuomba radhi. Alimuuliza tu kama hicho ndicho alichokesha akikitafuta mtandaoni. Yaani hata usiku ule alipokuwa akihangaika kuijua ile saa, bosi alikuwa akimtazama.

Alihukumiwa miezi 10.

Kwa hofu ya namna hiyo, wanawake wa Seoul walizoea kuingia choo cha umma na kuanza kwa kuziba matundu. Kila tundu la msumari mlangoni au ukutani lilisokomezwa karatasi ya chooni, na ukutani ungeona vipande vya karatasi vilivyoachwa na waliotangulia. Mwaka 2018 kulikuwa na vifurushi vya kujihami vilivyouzwa kwa kazi hiyo, ndani yake mna stika za kubandika, gundi ya kuziba na kijisindano cha kutobolea lenzi. Jiji la Seoul nalo likatangaza kwamba vyoo vyote vya umma, zaidi ya 20,000, vitakaguliwa kila siku na wafanyakazi wapatao 8,000. Picha za televisheni zilipendeza: watu wamevaa fulana rasmi, wameshika vifaa vya kumulika lenzi, wanapapasa kuta. Matunda yakawa haba, kwa sababu mtegaji mjanja haiachi kamera yake pale. Anaiweka kwa muda mfupi, anaichukua, anaondoka. Serikali hupenda ukaguzi wa aina hii kwa sababu unaonekana.

Kilichowatoa wanawake barabarani kilikuwa kingine kabisa. Mei 2018 mwanamke mmoja alimpiga picha kwa siri mwanaume aliyekuwa akijitolea kuchorwa akiwa uchi katika darasa la sanaa la Chuo Kikuu cha Hongik, akaiweka mtandaoni. Kosa ni kosa, na yule mwanaume aliumizwa. Lakini polisi walimkamata yule mwanamke ndani ya siku chache, akapitishwa mbele ya kamera za waandishi wa habari, na Agosti akafungwa miezi 10. Wanawake wakaangaliana. Wangapi kati yao walikuwa wamekwenda kituoni na kuambiwa kwamba tovuti iko nje ya nchi, kwamba mtuhumiwa hajulikani, kwamba wao wenyewe wajifunze kuwa waangalifu? Kumbe polisi wanaweza kukimbia wakitaka. Maandamano ya kwanza, mtaa wa Hyehwa, yalikuwa na maelfu. Yale ya Agosti 4, katika uwanja wa Gwanghwamun, waandaaji walihesabu watu 70,000.

Serikali ikasikia, Bunge likasikia, adhabu zikapanda kama nilivyoeleza. Majaji ndio walioendelea na safari yao ya zamani. Mwaka 2020, sheria ikiwa imeshakazwa, asilimia 79 ya waliotiwa hatiani kwa kurekodi picha za faragha bila ridhaa walipewa faini, au kifungo kilichosimamishwa, au vyote viwili. Kifungo kilichosimamishwa maana yake hukumu inasomwa, mshtakiwa anainamisha kichwa, kisha anapanda treni kurudi nyumbani. Jela ataiona tu akirudia kosa. Sababu zilizoandikwa kwenye hukumu zilikuwa zilezile: ni kosa lake la kwanza, bado kijana, ana maisha mbele yake, amejutia, amefikia maelewano na mlalamikaji. Majuto yalipimwa hata kwa barua za kuomba msamaha zilizopelekwa kwa jaji. Na palipo na soko hapakosi muuzaji: wapo wanaoandika barua hizo kwa malipo.

Hapa ndipo wapenda adhabu kali wanapaswa kusimama kidogo. Sheria iliyoandika "isiyozidi miaka 7" inamruhusu jaji kutoa miezi 7, au kutotoa kabisa. Bunge likipandisha ukomo wa juu kila baada ya mwaka, na kule chini mkono wa jaji ukabaki huru, wanaofaidika na habari hiyo ni wabunge waliopigiwa makofi. Wakorea walilitambua hili baada ya aibu mbili kubwa. Ya kwanza ilikuwa ya kijana aliyeendesha tovuti ya video za watoto wakidhalilishwa, iliyokuwa na watumiaji sehemu nyingi za dunia. Korea ilimfunga mwaka mmoja na nusu, na Julai 2020 mahakama ya Seoul ikakataa kumkabidhi kwa Wamarekani waliokuwa wakimtaka. Ya pili ni magrupu ya Telegram yaliyofichuliwa na wanafunzi wawili wa uandishi wa habari mwaka 2019, ambamo wasichana, wengine wadogo kabisa, walitishwa kwa picha zao hadi wakafanywa watumwa mbele ya watazamaji waliolipa kwa sarafu za kidijitali. Kiongozi wa grupu moja, Cho Ju-bin, alihukumiwa miaka 42, na Mahakama ya Juu ikaithibitisha adhabu hiyo Oktoba 2021.

Kati ya kukataa kule na uthibitisho huu, Desemba 2020, kamati ya mahakama inayosimamia viwango vya hukumu ilitoa mwongozo wa makosa ya ngono ya kidijitali: kiwango cha kuanzia ni hiki, kinapanda kwa sababu hizi, kinashuka kwa sababu hizi tu. Hakuna aliyeandamana kuudai mwongozo wa hukumu. Haufai hata kuandikwa kwenye bango. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo hatua iliyokuwa na meno kuliko nyongeza zote za miaka.

Kuna jambo la pili ambalo Korea imelipigania muda mrefu, nalo ni gumu kuliko hesabu ya miaka. Ile sheria ya 1998 ilitaka picha iwe ya namna inayoamsha ashiki au kumtia mtu aibu. Sasa chukua mwanaume aliyepanda basi mwaka 2018, akamrekodi kwa siri mwanamke aliyesimama karibu na mlango amevaa suruali ya kubana, ile ya mazoezi. Sekunde 8. Mahakama ya mwanzo ikamtoza faini ya won 700,000. Akakata rufaa, na Oktoba 2019 mahakama ya Uijeongbu ikamwachia huru. Hoja zake: suruali hiyo ni vazi la kila siku, ngozi iliyoonekana ni ya vifundo na mikono, na mwanamke mwenyewe aliwaambia polisi kwamba alikasirika na kuchukizwa, hakusema aliona aibu. Kana kwamba hilo halitoshi, hukumu ilichapishwa ikiwa na picha yenyewe iliyopigwa na mshtakiwa ndani yake. Mahakama iliyokuwa ikiamua kama mwanamke huyu ameonewa kwa kupigwa picha ikaichapa picha hiyo mara ya pili.

Mahakama ya Juu iliitengua hukumu hiyo Desemba 2020. Ikasema mtu ana uhuru wa kutogeuzwa kitu cha ngono bila hiari yake, na kwamba anayeguswa na kosa hili anaweza kukasirika, kuogopa au kufadhaika. Halazimiki kuona aibu ndipo sheria imwamini.

Wakorea hawako peke yao katika mtego huu wa kuupima mwili badala ya kuipima ridhaa. Machi 5, 2014, mahakama ya juu ya jimbo la Massachusetts, Marekani, iliamua kwamba mwanaume aliyekuwa akiwapiga picha chini ya sketi abiria wa treni za mjini Boston hakuvunja sheria, kwa sababu sheria ya kuchungulia ilimlinda mtu aliye uchi au nusu uchi, na wale abiria walikuwa wamevaa nguo. Wabunge waliandika kifungu kipya na gavana akakitia saini siku mbili baadaye. Uingereza nayo ilichukua muda: mswada wa kosa hilohilo ulizuiwa Juni 2018 na mbunge mmoja, Christopher Chope, kwa kutamka tu kwamba anapinga. Watu wakamtundikia chupi mlangoni mwa ofisi yake bungeni. Sheria ikaanza kutumika Aprili 2019, na adhabu yake inafika miaka 2.

Turudi nyumbani.

Zamani za nyumba za kupanga, bafu la uani lilikuwa la mabati au makuti, na mpiga chabo alijulikana. Alikuwa na tundu lake na saa yake. Akikutwa alimwagiwa maji ya sabuni, akazomewa hadi mwisho wa mtaa, na baba mwenye nyumba akamfungasha virago. Ilikuwa dhuluma, lakini ilikuwa na mwisho: akishafukuzwa, hakuondoka na kitu. Wa leo anaondoka nacho. Anaweza kukirudia akiwa Mbeya ilhali aliyerekodiwa yuko Tanga, akampa rafiki, akakiuza, na miaka 6 baadaye kikaibuka wiki ambayo mwanamke yule amepata kazi au amechumbiwa.

Video za namna hii vijana wanaziita koneksheni. Magrupu yake yako Telegram na WhatsApp, wanachama mamia, na kila asubuhi kuna anayeuliza kama kuna mzigo mpya. Chanzo hakiwi kamera ya kutegwa kila mara. Mara nyingi ni mpenzi wa zamani. Mara nyingine ni fundi simu: kioo kimepasuka, mteja anamwachia simu pamoja na namba ya siri ili ajaribu kama kioo kipya kinagusika, anaenda kunywa chai, na ndani ya nusu saa hiyo picha zote zimeshahamia kwenye kompyuta iliyo nyuma ya pazia. Nyingine ni gesti, na wenye gesti wengi hawajawahi kukagua soketi zao. Katika hali zote hizo mwanamke, na siku hizi wanaume pia, hujua mambo yameharibika pale simu inapoanza kuita mfululizo na watu aliopotezana nao tangu sekondari wanamsalimia kwa emoji za macho.

Sheria yetu inasemaje? Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015, kifungu cha 14, ina adhabu ambayo Wakorea wangeionea wivu: faini isiyopungua shilingi milioni 20 au kifungo kisichopungua miaka 7, au vyote viwili. Huko jaji akichagua kifungo hawezi kushuka hadi miezi 10. Lakini soma kosa lenyewe ni lipi. Ni kuchapisha ponografia. Sheria inauliza kama picha ni chafu. Haiulizi kama aliyemo aliridhia irekodiwe au isambazwe. Kwa jicho hilo, aliyevujisha na aliyevujishiwa wote wamo kwenye uchafu, na mara nyingi anayetambulika kwa sura ni mmoja tu.

Ndivyo ilivyokuwa Aprili 2018. Video ya faragha ya msanii mmoja wa kike wa Bongo Fleva ilipovuja, aliyesimama mbele ya umma kuomba radhi ni yeye. Wiki hizohizo Waziri wa Habari wa wakati huo, Harrison Mwakyembe, aliliambia Bunge kwamba mwanamuziki Diamond Platnumz amekamatwa kwa video aliyoiweka mwenyewe Instagram. Serikali ililiona jambo moja: wasanii na maadili. Yalikuwa mambo mawili tofauti kabisa. Mmoja alijirekodi na kujirusha kwa hiari, mwingine alirushwa. Uganda ilitangulia. Mwaka 2014 picha za mwanamuziki mmoja wa kike ziliposambazwa, inasemekana na mpenzi wa zamani, Waziri wa Maadili Simon Lokodo alitaka mwanamuziki huyo ndiye akamatwe, kwa nguvu ya Sheria ya Kupinga Ponografia ya mwaka uleule. Vifungu muhimu vya sheria hiyo vilifutwa na Mahakama ya Katiba mwaka 2021.

Sasa fikiria mwanamke aliyeibiwa picha na fundi simu. Akienda kituoni anakwenda kukiri kwamba alikuwa na picha za utupu. Adhabu ikipandishwa kutoka miaka 7 hadi 20 bila kugusa maelezo ya kosa, kinachopanda kwanza ni hofu yake yeye. Anayemtishia naye anajua hilo, na hulitumia: "Nenda polisi tuone nani ataanza kulala ndani."

Kenya ilijaribu kulisogelea jambo hili. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018, kifungu cha 37, inamgusa anayesambaza picha ya faragha ya mtu mwingine, na adhabu yake haizidi shilingi 200,000 au miaka 2 jela, au vyote viwili. Angalau kuna "mtu mwingine" ndani yake. Ila kifungu hicho hakimfikii aliyerekodi na kubaki nazo, kama yule bosi wa saa ya chumbani. Halafu kuna kichekesho cha hesabu. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ya Kenya iliipiga baa moja ya Nairobi faini ya shilingi milioni 1.85 kwa kubandika mtandaoni picha ya mteja wake bila ridhaa, na shule moja shilingi milioni 4.55 kwa kutumia picha za wanafunzi bila ruhusa ya wazazi. Kwa hiyo picha ya mteja akiburudika na nguo zake mwilini imegharimu zaidi ya mara tisa ya faini ya juu kabisa ambayo mahakama ya jinai ingeweza kumtoza mtu aliyeusambaza uchi wa mchumba wake wa zamani. Mwaka 2016, kabla ya sheria hiyo ya 2018, Mahakama Kuu ya Nairobi ilikuwa imeshaonyesha njia katika shauri la mrembo aliyepokwa taji la Miss World Kenya baada ya mpenzi wake wa zamani kupeleka picha zake za utupu kwa waandaaji. Mahakama ilisema haki yake ya faragha, iliyomo katika ibara ya 31 ya Katiba, imevunjwa, ikamwamuru mwanaume huyo amlipe shilingi milioni moja. Jaji hakuhitaji kuupima uchafu wa picha. Alipima nani alikuwa na haki ya kuamua ziende wapi.

Hicho ndicho kipimo ninachokitetea. Kurekodi bila ridhaa mahali ambapo mtu ana haki ya kujisitiri liwe kosa, hata kama video haijatoka kwenye simu ya mtegaji. Kusambaza bila ridhaa liwe kosa, hata kama aliyemo alijipiga mwenyewe. Korea iliuziba mwanya huo wa picha za kujipiga Desemba 2018 tu, na kabla ya hapo sheria ya makosa ya ngono haikumlinda aliyejipiga picha. Mwenye picha asiwe mshtakiwa kwa picha hiyohiyo. Na kiwango cha chini kiwepo, lakini kiwe cha kutekelezeka. Wanaodai miaka 20 kwa kila mmoja wasisahau tabia ya vituo vyetu: adhabu ikiwa ya kutisha mno na mtuhumiwa ni mtoto wa mtu, wazee wanaitwa, laki kadhaa zinatembea, na jalada halifiki kwa mwendesha mashtaka. Wanamalizana. Adhabu ya miaka 3 inayotolewa kweli, kwa fundi, kwa mwenye gesti, kwa mpenzi wa zamani, ingelifunga grupu la koneksheni haraka kuliko ile ya 20 inayosomwa magazetini.

Lakini kuna tahadhari ambayo sisi waandishi hatuwezi kuifumbia macho. Sheria ya faragha iliyoandikwa ovyo huwa kimbilio la wakubwa. Raia anayemrekodi askari akipokea rushwa barabarani, au diwani akigawa viwanja usiku, hapigi chabo. Anayeandika kifungu aseme waziwazi kwamba kinacholindwa ni mwili wa mtu na maisha yake ya ndani. Kazi ya umma ifanywe mbele ya umma.

Watazamaji nao wasiachwe. Wakorea waliwaingiza kwenye sheria kwa sababu walichoka kuwakamata wauzaji huku wateja wakihamia grupu jingine jioni ileile. Kwetu hilo lingewagusa wengi, wakiwemo wanaoipokea video, wakaitazama hadi mwisho, ndipo wakaandika "jamani tumsitiri dada yetu" na kuisambaza mbele. Watu wa Pwani walifundishwa kupiga hodi mara tatu, na asipojibiwa mtu akarudi alikotoka. Wengi wetu tunaufuata ustaarabu huo kwenye mlango wa mbao, kisha tunaingia kwenye simu ya mtu bila hata kikohozi.

Na baada ya hukumu? Mwaka 2019 mfanyakazi mmoja wa kike wa hospitali, kusini mwa Korea, alijiua baada ya kurekodiwa kwa siri na mwenzake wa kazini katika chumba cha kubadilishia nguo. Mwanaume alifungwa miezi 10. Familia na watetezi wa wanawake walipiga kelele juu ya ufupi wa kifungo, na walikuwa na haki. Hata hivyo wengi waliopitia haya wanaeleza jambo jingine: mtu anafungwa, anatoka, na video bado iko hewani. Aprili 2018 serikali ya Korea ilifungua kituo cha kuwasaidia waathirika wa uhalifu huu. Wafanyakazi wake hushinda mbele ya kompyuta wakiitafuta picha ileile kwenye tovuti baada ya tovuti na kuwaandikia wamiliki waiondoe, bila mwathirika kutozwa chochote na bila kulazimika kuitazama yeye mwenyewe kila inapoibuka. Ikifutwa huku inaota kule, imepewa kichwa kipya, mara nyingi pamoja na jina lake na shule aliyosoma.

Sisi tuna Dawati la Jinsia na Watoto katika vituo vya polisi, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi iliyozinduliwa Aprili 2024. Mbunge atakayesimama Dodoma kudai miaka 20 jela aulizwe kwanza ni ofisi ipi kati ya hizo itakayopewa watu wa kufuta, ni wangapi, na mshahara wao utatoka fungu gani.